Babu Aliyeitwa B01

Siku niliyomwambia Babu kwamba ndani ya kompyuta yangu yeye anaitwa B01, alicheka mpaka akakohoa. Tulikuwa tumekaa barazani kwake, Pangani mjini, mahali unapoweza kuona kivuko kikienda Bweni na kurudi. Nilikuwa nimemsomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari: kwamba jina lake halitaandikwa popote, kwamba sauti yake itahifadhiwa kwa msimbo, kwamba anaweza kujitoa wakati wowote, kwamba familia yake itapewa nakala.

"Kwa hiyo mimi ndiye Bii-sifuri-moja?"

"Ndiyo, Babu."

"Na Bii-sifuri-mbili ni nani?"

"Siruhusiwi kusema, Babu."

"Ni yule wa nyumba ya pili," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Haya. Maadamu mimi ndiye wa kwanza."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Julai 2023, msimu wa kusi. Siwezi kuisahau tarehe hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuja kuwa jina la faili: PGN_20230714_B01.wav. Mahali, siku, mtu. Faili hilo ninalo hadi leo. Lina dakika 6. Lilipaswa kuwa na dakika 56.

*

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili katika isimu, na utafiti wangu ulihusu maneno ambayo wavuvi wazee wa Pangani huyatumia kuzungumzia upepo na maji. Kaskazi na kusi kila mtu wa pwani anazijua. Nilichokifuata ni yale yaliyoko katikati: matlai, umande, bamvua, maji mafu, na namna mzee anavyoweza kuhesabu siku kwa miongo, kumi kumi, kuanzia Siku ya Mwaka, bila kuhitaji kalenda ya ukutani. Wenye maneno hayo ni wachache na hawaongezeki.

Nilikwenda na kinasa sauti cha kuazima, simu yangu, na daftari. Kinasa sauti kilikuwa na tabia moja: kila rekodi ya kwanza kwenye kadi tupu kiliiita REC001. Ukihamishia mafaili kwenye kompyuta, ukaisafisha kadi ili upate nafasi, kesho yake kinaanza tena REC001. Simu nayo ilikuwa na lugha yake. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliingia kwa majina kama PTT-20230708-WA0004, na ile namba ya mwisho huanza upya kila siku. Baada ya wiki mbili folda yangu ilikuwa na REC001, REC001 (1), REC001 (2), REC001 mpya, na moja niliyoiita, kwa herufi kubwa za mtu aliyekwisha kukata tamaa, REC001 HII NDIYO. Yeyote aliyewahi kuandika tasnifu na kuihifadhi kwa jina la "mwisho", kisha "mwisho2", kisha "mwisho kabisa", anaelewa nilikuwa wapi.

Msimamizi wangu aliiona folda hiyo siku moja nikiwa nimefungua kompyuta mbele yake. Hakunikaripia. Alisema tu, "Rekodi isiyo na jina haina tofauti na kelele." Nikarudi chumbani nikiwa na aibu, na kama vijana wengi wa rika langu, aibu yangu niliigeuza kuwa programu.

Zipo programu nyingi za kazi hiyo. Kwenye Windows watu hutumia Bulk Rename Utility, yenye vidirisha na vitufe vingi kama chumba cha rubani. Kwenye Mac ipo Hazel, ambayo unaipa folda na masharti, nayo inakaa kimya ikingoja faili liingie. Mimi natumia Linux, sikuwa na pesa, na nilikuwa nimejifunza Python kiasi cha kunipa kiburi. Nikaandika ya kwangu, mistari kama sitini hivi, juu ya maktaba inayoitwa watchdog, yaani mbwa wa ulinzi.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana uzuri wake ndio ulionilewesha. Zamani programu iliyotaka kujua kama kuna faili jipya ililazimika kuchungulia folda kila baada ya sekunde kadhaa, kama mtoto anayetoka nje kila mara kuangalia kama mgeni ameshafika. Mwaka 2005 kiini cha Linux, toleo 2.6.13, kiliongezewa kitu kinachoitwa inotify. Tangu hapo programu haihitaji kuchungulia. Inakiambia kiini cha mfumo, "Likiingia jambo kwenye folda hii, nijulishe," kisha inalala. Faili likiingia, inaamshwa. Mac walipata utaratibu wao, FSEvents, mwaka 2007, na Windows nayo ina wake. Haya yote yanatokea chini ya pazia, na ukiyaona kwa mara ya kwanza unahisi folda imepata masikio.

Folda yangu niliiita MPYA. Ndani yake niliweka folda ndogo kwa kila mzungumzaji: B01, B02, B03. Nikidondosha rekodi ndani ya B01, skripti ilisoma tarehe ya faili, ikaunganisha na msimbo, ikalipa jina jipya na kulipeleka kwenye folda nyingine iliyoitwa ZILIZOPANGWA. Yote kwa kufumba na kufumbua.

Mwanzoni ilinisumbua. Faili kubwa halifiki mara moja. Linapoanza kunakiliwa tu, mfumo unatangaza kwamba limeingia, na skripti yangu ikalirukia likiwa bado nusu, kama mtu anayemvuta mgeni ndani kabla hajamaliza kuvua viatu. Nilikesha siku mbili nikitafuta dawa, mpaka nikajifunza kungojea tangazo jingine, lile linalosema faili limekwisha kuandikwa na limefungwa. Nilipofaulu nilijiona fundi. Nilimwita mwenzangu wa chumbani aje aone majina yanavyobadilika yenyewe.

Aliangalia, akatafuna karanga, akauliza, "Na ikikosea?"

"Haikosei," nikamjibu. "Inafanya nilichoiambia."

Nilisema kweli. Sikujua tu kwamba nimejitamkia hukumu.

*

Kwetu pwani watu wengi wamepewa majina ya tarehe. Juma amezaliwa Ijumaa, Hamisi Alhamisi. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi. Mwanaidi ni wa sikukuu. Wazee wetu walikuwa wakitaja faili kwa tarehe kabla ya kompyuta, nasi tukaona ni jambo la kisasa.

Ila tarehe peke yake haitoshi, na hilo pia wazee walilijua. Darasa la tatu tulikuwa na Juma watatu. Mwalimu aliwaita Juma A, Juma B, na wa tatu Juma Kona, kwa sababu alikaa kwenye kona. Mtaani kuna Juma Mrefu, Juma wa Magengeni, Juma Fundi. Majina ya kalenda ni machache na watoto ni wengi, kwa hiyo jamii ikabuni njia ya kuongezea kitu nyuma ya jina mpaka kila mtu ajulikane. Mwalimu hakuwahi kumtoa Juma mmoja duniani kwa sababu Juma mwingine ameingia darasani.

Skripti yangu haikuwa na akili ya mwalimu wa darasa la tatu.

Siku zote nilizungumza na mtu mmoja mara moja kwa siku, kikao kimoja, faili moja. Ndivyo nilivyoijaribu skripti na ndivyo ilivyonitumikia wiki baada ya wiki. Siku ya Babu ilikuwa tofauti. Tulianza saa tatu asubuhi. Baada ya dakika 31 akaja jirani na samaki kwenye kikapu na habari za msiba wa mtu wa Mwera, nikazima kinasa sauti kwa heshima. Tulipoendelea, kikafungua faili la pili. Dakika 19 baadaye muda wa kujiandaa kwa swala ya Ijumaa ukafika, nikazima tena. Babu aliporudi msikitini alikuwa amechoka, tukazungumza dakika 6 tu za kuagana. Faili la tatu.

REC001, REC002, REC003. Jioni nikayadondosha yote matatu kwenye folda ya B01. Skripti ikalichukua la kwanza, ikaliita PGN_20230714_B01.wav. Ikalichukua la pili, ikaliita PGN_20230714_B01.wav. Ikalichukua la tatu, ikaliita vivyo hivyo.

Nilifungua folda ya ZILIZOPANGWA, nikaona jina la Babu limekaa mahali pake. Nikahesabu majina, sikuhesabu mafaili. Nikaisafisha kadi, nikalala.

*

Habari ya kifo chake ilinifikia Februari, kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa binti yake, ambaye mimi humwita Shangazi. Alizungumza taratibu, kama watu wanaorudia habari moja kwa mara ya ishirini. "Baba ametangulia, mwanangu. Tumeshamzika." Kisha kimya, kuku akilia kwa mbali. "Ulisema una sauti yake. Tunaiomba."

Nilikuwa sijainukuu bado rekodi ya Babu. Nilianza na wengine kwa sababu yake ilikuwa nzuri kuliko zote, na mimi ni wale wanaokula wali kwanza na kuacha nyama mwisho. Nikavaa spika za masikioni, nikaifungua, nikangoja kusikia kuhusu matlai. Badala yake nikasikia sahani, kisha sauti ya Babu ikiuliza, "Hicho kidude bado kinasikia?" na yangu ikijibu, "Bado, Babu." Akaniagiza nimsalimie mama yangu. Akanionya kuhusu madereva wa usiku. Rekodi ikaisha.

Nilidhani nimefungua faili la mtu mwingine. Nikatafuta kompyuta nzima. Nikachomeka diski ya nje, ambako kila Jumapili nilikuwa naweka nakala ya akiba. Diski ilikuwa na nakala aminifu kabisa ya kosa langu.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwaka uliopita. Nikatengeneza mafaili matatu ya uongo, kila moja na neno moja ndani: moja, mbili, tatu. Nikayadondosha kwenye folda ya B01. Likabaki moja, limeandikwa "tatu". Hapakuwa na onyo wala mlio wowote. Nikaenda kusoma maelezo ya amri niliyoitumia, os.rename, na yalikuwepo kwa lugha nyepesi: kwenye Windows, jina likiwa limeshachukuliwa, amri inakataa na kutoa kosa, kwenye mifumo ya jamii ya Unix, faili lililokuwepo linabadilishwa kimya kimya, mradi mtumiaji ana ruhusa. Mimi nilikuwa na ruhusa. Kompyuta ilikuwa yangu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kama ningekuwa nahamisha na kutaja mafaili kwa mkono, kama mtu mvivu wa kawaida, kompyuta ingeniuliza: faili lenye jina hili lipo tayari, unataka kulibadilisha? Swali hilo la kuudhi, ambalo sote hubofya bila kusoma, ndilo skripti yangu iliniondolea.

Usiku huo nilijifunza kitu kuhusu mafaili ambacho nilikuwa nimekisoma bila kukielewa. Jina la faili halimo ndani ya faili. Kwenye Linux, faili lenyewe lina namba tu, inayoitwa inodi, na namba hiyo inajua sauti imelala wapi kwenye diski. Jina liko kwenye folda, ambayo kwa kweli ni orodha: jina hili, namba ile. Ukibadilisha jina hugusi sauti hata kidogo, unafuta mstari kwenye orodha na kuandika mwingine. Na ukilipa faili jina ambalo tayari lina mwenyewe, mstari wa mwenyewe unaelekezwa kwa mgeni. Namba ya zamani ikikosa jina lolote linaloitaja, mfumo unahesabu kwamba haina mtu, na nafasi yake inatangazwa kuwa wazi.

Sauti ya Babu haikufutwa siku ile. Ilikosa wa kuitaja tu. Kufutika kulikuja baadaye, kidogo kidogo.

*

Kuna programu ya bure inayoitwa PhotoRec, na namna inavyofanya kazi ni kinyume kabisa cha skripti yangu. Yenyewe haijali majina wala folda. Inaipitia diski au kadi kipande kwa kipande, ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Ikikuta mwanzo wa picha, inasema hii ni picha. Ikikuta mwanzo wa sauti, inasema hii ni sauti. Inaokota inachoweza, na kwa kuwa majina yamepotea, inabandika herufi f na namba ya mahali ilipokiokota.

Kompyuta yangu haikutoa kitu. Nilikuwa nimeitumia miezi saba, na diski za kisasa husafisha haraka nafasi zilizotangazwa kuwa wazi. Lakini kadi ya kinasa sauti ilikuwa bado kwenye mfuko wa begi. Baada ya Babu niliitumia kwa wazee watatu tu, nikiisafisha kila mara, na hakuna kati yao aliyezidi dakika 28.

Niliiacha PhotoRec ifanye kazi usiku. Asubuhi nikakuta mafaili 61 yenye majina ya f na tarakimu saba. Hapo hapakuwa na ujanja wa skripti. Tarehe zilikuwa zimepotea, folda hazikuwepo, msimbo haukuwepo. Ilibidi kusikiliza. Nikaanza la kwanza. Upepo kwenye maikrofoni. La pili, mimi nikijaribu kifaa: moja, mbili, moja, mbili. La tisa, mzee wa B03 akieleza ngalawa. Mengine yalikuwa vipande, sentensi zilizokatika katikati kama kamba. Kufikia la arobaini nilikuwa nawatambua watu kwa pumzi zao kabla hawajasema neno.

La arobaini na nne, f0659456.wav, lilianza na kikohozi. Nikajua.

Lilikuwa faili la pili, dakika zote 19. Anaeleza jinsi alivyopata jina lake. Alizaliwa Alhamisi baada ya maghribi. Karani wa zamani angeandika Alhamisi, na baba yake alitaka aitwe Hamisi. Bibi yake akagoma: jua likishazama, siku imeshakwenda, huo ni usiku wa Ijumaa, na mtoto wa usiku wa Ijumaa ni Juma. Nyumba nzima ikagawanyika. Nani alishinda sitasema, kwa sababu ya fomu. Ila sikuweza kusikiliza bila kufikiria skripti yangu, ambayo kwake siku hubadilika saa sita usiku na hakuna mjadala, na bibi yule aliyegombana na kalenda nzima kwa ajili ya jina la kichanga. Mwisho wa hadithi Babu anacheka kwa muda mrefu. Kwenye rekodi nami nasikika nikicheka.

Faili la kwanza halikupatikana. Wale wazee watatu waliokuja baada yake walirekodiwa juu ya mwanzo wake, na bila mwanzo PhotoRec haina cha kushika. Dakika 31 za upepo na maji zilikwenda. Tasnifu ingeweza kuishi bila hizo. Nilikuwa na wazee wengine. Lakini kwenye daftari langu la tarehe 14 Julai kuna mstari mmoja, kwa kalamu ya bluu: "Anamtaja mwanawe. Dk. 22. Sikiliza tena."

Mwanawe alitoka na mashua usiku na hakurudi. Hilo nilikuwa nimeambiwa na watu wengine. Babu mwenyewe, walisema, halizungumzi. Siku ile alilizungumza, nami nikaandika maneno machache tu kwa sababu nilikiamini kinasa sauti kuliko masikio yangu.

*

Nilirudi Pangani mwezi wa Machi. Nilikuwa nimeshairekebisha skripti. Sasa hainyang'anyi jina la mtu: ikikuta jina limechukuliwa, inaongeza _02, _03, kama mwalimu wangu wa darasa la tatu. Hailihamishi faili la awali, inanakili tu, kisha inalinganisha nakala na asili kabla ya kuniambia imemaliza. Jina la zamani inaliacha likining'inia nyuma ya jipya. Na kila ilichokifanya inakiandika kwenye faili la kumbukumbu, saa na dakika, ili siku nyingine mtu akiuliza kuna nani hapa kabla, pawe na jibu. Mabadiliko yote hayo yalichukua kama mistari ishirini. Alasiri moja.

Njiani kote nilikuwa nafanya mazoezi ya namna ya kumweleza Shangazi kuhusu Unix.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekonda."

Nilimpa pole, akanipa maji, tukakaa kwenye mkeka uani. Nilipofungua mdomo, maneno ya kompyuta yalinikimbia yote. Nikasema, "Shangazi, sauti ya Babu zilikuwa tatu. Nimepoteza moja. Ni uzembe wangu. Nilikuwa naziandika majina, nikaifuta."

Hakusema kitu. Akanyoosha mkono, nikampa kadi ndogo, akaiweka kwenye simu yake. Alisikiliza dakika 6 za kuagana akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasikiliza zile 19. Watoto wawili walikuja kusimama mlangoni. Bibi yake Babu alipogoma, Shangazi alitikisa kichwa kama mtu anayeisikia hadithi anayoijua. Kicheko kilipokuja alifunga mdomo kwa upande wa kanga.

Baada ya muda akauliza, "Kwenye hiyo iliyopotea, alimtaja kaka yangu?"

Ningeweza kusema sijui. Nikalitoa daftari, nikamwonyesha mstari wa bluu. Aliusoma, nadhani zaidi ya mara moja, kwa sababu alikaa nao.

"Alisema nini?"

"Sikuandika, Shangazi. Nilidhani nitaisikiliza tena."

"Sikuulizi ulichoandika. Wewe si ulikuwepo? Alisema nini?"

Nikafumba macho. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimetafuta kwenye diski na kwenye kadi, na sikuwahi kutafuta hapo. Baraza. Kivuko kinavuma. Babu anaeleza kwamba matlai ya siku ile ilikuja mapema. Anataja jina. Analitaja jina zima, la mwanawe na la kwake, kama anavyoitwa mtu msikitini. Ananyamaza. Anaomba maji. Anakunywa, anarudi kwenye bamvua kana kwamba hakusema.

Nikamweleza hivyo hivyo, pamoja na yale maji.

"Aliyanywa yote?"

"Aliyamaliza."

"Haya," akasema Shangazi. Akajifuta uso. Hakunisamehe kwa maneno, wala sikuomba. Akarudi kwenye simu, akakunja uso.

"Na hii ef-sifuri-sita ni kitu gani?"

"Ndiyo jina lililotoka nalo kwenye kadi. Lete nikubadilishie. Nitaweka tarehe na mahali..."

"Subiri," akasema. Akaisogeza simu mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo watu wa rika lake, akabonyeza faili kwa kidole gumba mpaka pakatokea mahali pa kuandika. Akafuta tarakimu moja moja. Aliandika polepole, bila herufi kubwa, kisha akanigeuzia kioo nione kama amekosea.

baba anacheka

Nikamwambia hajakosea.